Pakiti 36, majibu matatu: kisa cha upimaji wa nadharia tete katika chuo kimoja cha Unguja

Kisa hiki kilitokea katika kozi ya takwimu za awali kwenye chuo kimoja kisiwani Unguja. Majina ya chuo, kijiji na wahusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hesabu yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi na wakufunzi wenzangu kwa sababu data ile ile, iliyopimwa kwa uangalifu na kukokotolewa bila kosa la hesabu, ilitoa majibu matatu yasiyopatana, na jibu lililokaribia kukabidhiwa kwa wenye bidhaa ndilo lililokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuwadhuru bila haki.

Usuli

Wanafunzi wa biashara na uhasibu walipewa kazi ya kundi: watafute dai lolote lililoandikwa kwa namba kwenye bidhaa inayouzwa kisiwani, wapime sampuli isiyopungua vitu 30, wapime nadharia tete (dai linalojaribiwa kwa data) kwa kiwango cha asilimia 5, yaani wavumilie uwezekano huo wa kulikataa dai lililo la kweli, watoe masafa ya kujiamini ya asilimia 95 (masafa yanayojengwa kwa njia inayoupata wastani wa kweli mara 95 katika kila 100), kisha waandike aya moja ya hitimisho. Kundi moja la wanafunzi watano lilichagua pakiti za pilipili manga zilizoandikwa gramu 50, zinazofungwa kwa mikono na ushirika wa akina mama katika kijiji kimoja cha shamba na kuuzwa katika maduka ya Mji Mkongwe na kwa wageni wanaotembelea mashamba ya viungo. Shangazi wa mmoja wa wanafunzi alikuwa mwanachama, na kupitia kwake ushirika ulikubali kupimwa kwa sharti moja tu, kwamba ripoti ikimalizika wapewe nakala yao.

Sharti hilo lina uzito katika kisa hiki. Kazi nyingi za darasani husomwa na msahihishaji peke yake, na neno lililotumika ovyo humgharimu mwanafunzi alama mbili au tatu. Ripoti hii ilikuwa inakwenda kusomwa na watu ambao riziki yao imo ndani ya pakiti zile.

Kuhusu mafunzo waliyokuwa nayo, vitini vya kozi vilifundisha masafa ya kujiamini wiki moja na upimaji wa nadharia tete wiki iliyofuata, kila mada na mifano yake, bila sentensi inayoziunganisha. Vitini hivyo pia vilikuwa na ile kanuni ambayo wengi wetu tumekua nayo: sampuli ikizidi 30 tumia jedwali la z (lenye mipaka ya mtawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele), ikipungua tumia jedwali la t (lenye mipaka mipana zaidi kwa sampuli ndogo).

Mfuatano wa matukio

Upimaji wenyewe ulifanywa vizuri kuliko ninavyouona katika kazi nyingi za aina hii. Wanafunzi walitumia mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu, na kabla ya kugusa pakiti zilizojaa walipima pakiti tupu kumi, wakapata wastani wa uzito wa mfuko na lebo yake, wakautoa katika kila kipimo. Kwa hiyo walichokiandika kilikuwa uzito wa pilipili manga yenyewe. Pakiti zote 36 zilitoka katika katoni moja iliyokuwa stoo ya ushirika asubuhi ya Jumamosi.

Wastani ulikuwa gramu 49.2 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi pakiti zinavyoachana na wastani) gramu 2.4. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 36 ni 6, kosa sanifu la wastani (kipimo cha jinsi wastani wenyewe huyumba kutoka sampuli hadi sampuli) lilikuwa 2.4 ikigawanywa kwa 6, yaani gramu 0.4. Upungufu wa gramu 0.8 kutoka 50 ni sawa na makosa sanifu mawili kamili, na hapo ndipo kisa kinapoanzia, kwa sababu 2.0 ni namba inayokaa mlangoni hasa: ukiegemea jedwali moja iko ndani, ukiegemea jingine iko nje.

Wanafunzi watatu walikwenda kukokotoa kila mmoja peke yake. Wa kwanza alifuata kanuni ya 30, akatumia z na mikia miwili (kupima upungufu na ziada kwa pamoja), akalinganisha 2.0 na mpaka wa 1.96, akaikataa nadharia tete sifuri, yaani dai kwamba wastani ni gramu 50. Masafa yake ya kujiamini aliyapata kwenye Excel kwa fomula ya CONFIDENCE, yakawa gramu 48.42 hadi 49.98, na 50 ikabaki nje. Wa pili alisema kwamba mkengeuko wa pakiti zote za ushirika haujulikani na kilichopo ni makadirio ya sampuli tu, akatumia t yenye digrii 35 za uhuru (idadi ya pakiti ukitoa moja), ambayo mpaka wake ni 2.030. Hakuikataa nadharia tete sifuri. Thamani yake ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ikiwa wastani wa kweli ni 50) ilikuwa 0.053 na masafa yake yalikuwa 48.39 hadi 50.01. Wa tatu naye alitumia t, lakini kwa mkia mmoja, kwa hoja kwamba wameshaona pakiti zimepungua na hakuna anayelalamikia pakiti kuzidi. Mpaka wake ulikuwa 1.690, thamani ya p ikawa 0.027, na jibu lake likaonekana kuwa na nguvu kuliko yote.

Walipokutana Jumapili jioni walichagua jibu la tatu, kwa maelezo kwamba ndilo lililotoa uamuzi ulio wazi, lakini masafa ya kujiamini wakayachukua kwa mwanafunzi wa pili kwa sababu yalikuwa yameandikwa kwa unadhifu zaidi. Rasimu ikasomeka hivi: "Tumethibitisha kwa asilimia 95 kwamba ushirika unapunja wateja." Mistari minne chini yake yakafuata masafa ya 48.39 hadi 50.01, ambayo ndani yake 50 imo.

Aliyeugundua mgongano huo ni mwanafunzi wa nne, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa tu. Alikwenda kwa mkufunzi siku moja kabla ya kukabidhi kazi na kusema, "Maalim, hesabu tumezirudia zote na kosa hatulioni. Ila ukurasa wa juu unasema 50 haiwezekani, na wa chini unasema inawezekana. Sasa tuufuate upi?"

Maamuzi na sababu zake

Mkufunzi hakuwaambia ni mwanafunzi yupi aliyepatia. Aliwauliza kwanza ni lini hasa walipoamua kutumia mkia mmoja, kabla ya kupima au baada ya kuuona wastani. Walijibu kwa ukweli kwamba ilikuwa baada. Kwa jibu hilo peke yake jaribio la tatu liliondolewa mezani, na nitaeleza sababu yake katika uchambuzi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzuia ripoti isipelekwe kwa ushirika hadi itakapopatikana sampuli nyingine. Kazi ya darasani ilikabidhiwa kwa wakati, ikiwa na jaribio la t la mikia miwili na hitimisho la tahadhari, na kundi likapewa alama zake. Baadhi ya wakufunzi walioelezwa kisa hiki waliona ni usumbufu kuwarudisha wanafunzi stoo kwa ajili ya kazi yenye alama chache. Mimi naona hapo ndipo mkufunzi alipostahili sifa zaidi, kwa sababu alitenganisha muda wa chuo na muda ambao ushahidi unauhitaji, ambavyo havina sababu yoyote ya kulingana.

Uamuzi wa tatu ulihusu mpango wa sampuli mpya. Kabla ya mizani kuwashwa, kundi zima lilitia saini karatasi iliyosema: nadharia tete sifuri ni wastani wa gramu 50; nadharia tete mbadala ni wastani usio 50; jaribio ni la t, mikia miwili, asilimia 5; pakiti zitakuwa 72; zitachukuliwa 12 kila siku katika siku sita tofauti za kufungasha, kwa namba nasibu kutoka katika orodha ya pakiti za siku hiyo. Idadi ya 72 haikuotwa. Waliuliza ni pakiti ngapi zinazohitajika ili upungufu wa gramu 0.8, kama upo kweli, ugunduliwe mara nne katika kila tano, na hesabu iliwapa zaidi kidogo ya 70. Waliamua pia kwamba zile 36 za mwanzo hazitachanganywa na mpya, kwa kuwa ndizo zilizozua shuku, na data iliyozua shuku haiwezi kutumika tena kuwa shahidi wa shuku hiyo hiyo.

Matokeo

Pakiti 72 zilikuwa na wastani wa gramu 49.4 na mkengeuko sanifu wa 2.3. Kosa sanifu lilikuwa 0.27, t ikawa hasi 2.21, thamani ya p ikawa 0.03, na masafa ya kujiamini ya asilimia 95 yakawa gramu 48.86 hadi 49.94. Wastani wa siku moja moja ulikuwa kati ya 48.6 na 50.2, tofauti ambayo pakiti 12 zenye mkengeuko huo huweza kuileta kwa bahati tu, hivyo hapakuonekana siku iliyowaangusha wenzake.

Ripoti iliyokabidhiwa kwa ushirika ilisema kwamba pakiti, kwa wastani, zina upungufu unaokadiriwa kuwa gramu 0.6, na kwamba data inapatana na upungufu wowote wa wastani kuanzia chini kidogo ya gramu 0.1 hadi gramu 1.1 na ushei. Neno kupunja halikuwemo.

Mkutano wa kukabidhi ulifanyika barazani kwa mwenyekiti wa ushirika. Mwenyekiti alisikiliza maelezo ya kukataa na kutokataa nadharia tete kwa heshima, lakini swali lake lilikuwa jingine: "Haya wanangu, sasa nizidishe kiasi gani?" Masafa ya kujiamini yalikuwa na jibu ambalo thamani ya p isingeweza kulitoa. Wakizidisha gramu 1 kwa kila pakiti, wastani utafika 50 au kuipita kwa sehemu kubwa ya masafa yale, na gharama yake ni kilo moja ya pilipili manga kwa kila pakiti elfu moja. Kisha wakamwonesha jambo ambalo halikuwemo katika swali la darasani: pakiti nyepesi kuliko zote ilikuwa gramu 44.1 na nzito kuliko zote 54.6. Mwenyekiti hakuhitaji kuelezwa chanzo. Pilipili huchotwa kwa kikombe na kusawazishwa kwa kidole, na mizani hutumika kukagua pakiti moja moja mara chache, kwa hiyo mkono wa kila mfungaji huacha alama yake. Ushirika uliamua kwamba kila pakiti ipite kwenye mizani kabla ya kufungwa.

Uchambuzi

Nianze na mkia mmoja, kwa sababu ndilo kosa lililovaa nguo nzuri zaidi. Jaribio la mkia mmoja ni halali pale ambapo upande umechaguliwa kabla ya data kuonekana, kwa sababu inayotokana na swali lenyewe. Mwanafunzi wa tatu alichagua upande wa chini kwa kuwa wastani ulikuwa chini, ungekuwa 50.8 angechagua upande wa juu, na angepata sababu nzuri ya kufanya hivyo pia. Mtu anayefanya hivi huweka asilimia 5 kwenye kila upande, kwa hiyo uwezekano wake wa kuikataa nadharia tete sifuri iliyo ya kweli ni asilimia 10, ingawa ripoti inasema 5. Hakuna fomula inayoweza kuligundua hilo baada ya kazi kukamilika. Karatasi iliyotiwa saini kabla ya kupima ndiyo kinga pekee ninayoijua kwa darasa la kwanza la takwimu, na haigharimu chochote.

Kuhusu z na t, mwanafunzi wa pili ndiye aliyekuwa na hoja. William Gosset, mkemia katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la kalamu la Student, kazi iliyoonesha kwamba mkengeuko ukikadiriwa kutokana na sampuli ndogo, kutojua mkengeuko halisi kunaongeza shaka ambayo mtawanyo wa kawaida hauihesabu. Shaka hiyo hupungua sampuli inavyokua, lakini haitoweki ghafla ikifika 30. Kwa pakiti 36, masafa yaliyojengwa kwa 1.96 huitwa ya asilimia 95 lakini kwa kweli hufikia takriban 94.2. Tofauti ni ndogo, na katika kazi nyingi isingebadilisha kitu; hapa ilibadilisha hitimisho zima kwa sababu takwimu ilikuwa mlangoni. Kanuni ya 30 ilikuwa nafuu ya siku za majedwali ya kuchapwa. Mwanafunzi mwenye Excel hana haja nayo, mradi ajue kwamba fomula ya CONFIDENCE hutumia mtawanyo wa kawaida na kwamba ya t huitwa CONFIDENCE.T.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba mwanafunzi wa pili aliufikia ukweli na wa kwanza aliukosa. Thamani ya p ya mmoja ilikuwa 0.046 na ya mwenzake 0.053, na mtu akitazama ushahidi badala ya mstari ataona kwamba namba hizo mbili zinasema karibu kitu kimoja: data ina shuku kiasi dhidi ya 50, si nyingi. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeeneza kipimo cha moja kati ya ishirini, yaani asilimia 5, kuanzia mwaka 1925, alikichagua kwa kuwa kinafaa kwa matumizi, na mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba uamuzi usitegemee tu kama thamani ya p imevuka mpaka fulani. Mwongozo wa usahihishaji wa kozi hii ulikuwa ukitoa alama kwa neno "imekataliwa" au "haijakataliwa" peke yake, na hivyo ukawafundisha wanafunzi kutafuta neno hilo.

Mgongano alioukuta mchapaji ulikuwa na chanzo kinachoelezeka kwa usahihi. Masafa ya kujiamini ya asilimia 95 yaliyojengwa kwa t ni mkusanyiko wa thamani zote ambazo jaribio la t la mikia miwili, kwa asilimia 5, lisingezikataa. Ni hesabu moja inayotazamwa kwa macho mawili, kwa hiyo haziwezi kupingana. Rasimu ilioanisha jaribio la mkia mmoja na masafa ya mikia miwili. Mwenza halali wa jaribio la tatu angekuwa mpaka wa juu wa upande mmoja, yaani gramu 49.88, ambao nao ungeiacha 50 nje. Kama vitini vingezifundisha mada hizi pamoja, mwanafunzi yeyote angeutumia mmoja kuukagua mwingine, na kosa la aina hii lisingepita.

Kisha kuna maana ya hiyo asilimia 95, ambayo rasimu iliikosea kwa namna iliyo ya kawaida kuliko zote. Mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeijenga nadharia ya masafa haya mwaka 1937, aliiweka asilimia kwenye njia na si kwenye jibu moja. Wastani wa kweli wa pakiti hauchezi. Kinachocheza ni masafa, yanayobadilika kwa kila sampuli. Mkufunzi aliwapa mfano wa mvuvi anayerusha kimia juu ya jiwe lililozama: jiwe liko pale pale, na sifa ya asilimia 95 ni ya mkono wa mvuvi katika mirusho mingi, wala haisemi lolote zaidi kuhusu mrusho mmoja uliokwisha kutua. Baadaye alilifanyisha darasa zima zoezi la kompyuta, kila mwanafunzi akichota sampuli ya 36 kutoka katika kundi lenye wastani wa 50, na darasa likahesabu kwa macho ni masafa mangapi yaliikosa 50. Zoezi hilo lilisaidia, ingawa halikumaliza tatizo: katika mtihani uliofuata bado walikuwepo walioandika kwamba asilimia 95 ya pakiti zimo ndani ya masafa. Kwa hao ilitosha kufungua daftari la vipimo. Kati ya pakiti 36 za mwanzo, zilizokuwa kati ya 48.39 na 50.01 zilikuwa 10 tu, kwa sababu masafa hayo yanauzungumzia wastani wa pakiti zote na hayaigusi pakiti moja moja.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa zaidi wa sampuli ya kwanza haukuwa katika jedwali lolote. Ulikuwa katika katoni. Pakiti zilizojazwa asubuhi moja, huenda na mikono miwili, kwa kikombe kimoja na pilipili ya gunia moja, hazibebi habari za pakiti 36 zinazojitegemea. Hufanana kama ndugu, na kosa sanifu la 0.4 linakuwa dogo kuliko shaka iliyopo kweli. Hewa nayo ina lake, kwa kuwa viungo vikavu hufyonza unyevu, na pakiti iliyojazwa wakati wa masika si sawa na ile ya kiangazi. Wanafunzi walibishana kwa saa kadhaa kuhusu 1.96 na 2.030, na hakuna aliyeuliza katoni ilitoka wapi. Katika kurasa za vitini, swali la kwanza lilikuwa na mifano tele na la pili lilikuwa na mstari mmoja.

Kilichobaki ni lugha. Kama kundi lingelifuata jibu la pili bila kufikiri, hatari ingekuwa ya upande mwingine, yaani kuuambia ushirika kwamba pakiti ziko sawa. Kutokataa hakumaanishi kukubali. Kwa pakiti 36 na mkengeuko wa 2.4, upungufu wa kweli wa gramu 0.8 ungegunduliwa takriban mara moja tu katika kila mbili, na jaribio linalokosa nusu ya wakati halina haki ya kumsafisha mtu. Neno kupunja nalo halingeweza kuthibitishwa na sampuli ya ukubwa wowote, kwa kuwa linataja nia, ilhali mizani hupima uzito. Mtu mwenye kikombe kisichojaa sawasawa na mtu mwenye hila hutoa wastani ule ule.

Kuanzia muhula uliofuata, kila kundi hutakiwa kukabidhi karatasi ya mpango iliyotiwa saini kabla ya kuazimwa mizani, na mwongozo wa usahihishaji hutoa alama nyingi zaidi kwa maelezo ya jinsi sampuli ilivyopatikana kuliko kwa uamuzi wa mwisho. Mada mbili zimeunganishwa katika wiki moja. Kanuni ya 30 bado imo katika vitini, kwa kuwa mtihani wa mwisho hutungwa kwa pamoja na wakufunzi wengine wanaoitumia, na mkufunzi wa kisa hiki huwaomba wanafunzi wake waandike pembeni ya ukurasa huo mpaka wa t kwa digrii 35 na ule wa z, kimoja juu ya kingine.